FUNDI WA NYUMBANI: Kabureta Inayovuja na Pikipiki Inayolala Sebuleni

Ndugu msomaji, katika miji yetu mingi, na hasa huko Tarime Mjini, Sirari, Nyamongo na Mugumu, pikipiki imekuwa kama mtu wa nyumbani. Mchana humbeba mgonjwa kwenda zahanati, mwalimu kwenda shuleni na gunia la mahindi kwenda sokoni. Usiku unapoingia, mwenyewe huisukuma hadi ndani, akaiegemeza ukutani sebuleni, kwa kuwa anawaogopa wezi. Wala hatumlaumu: chombo hicho ndicho shamba lake, na pengine bado anadaiwa fedha za kukinunulia.

Lakini yafaa tujiulize: pikipiki hiyo inalala ikiwa kavu, au inalala ikidondosha petroli? Wengi wameizoea harufu ya petroli ndani ya nyumba hata hawaisikii tena. Jumapili hii tutazungumzia kabureta inayovuja, namna ya kuutafuta ubovu wake, na kwa nini jambo hili si la fundi na dereva peke yao, bali ni la mama, baba na watoto.

Tuanze na hesabu ndogo. Tukikadiria kwamba matone 50 ya petroli yanafanya mililita moja, basi kabureta inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza mililita 72 kwa saa. Kwa usiku wa saa 10 hizo ni mililita 720, yaani karibu robo tatu za lita. Haba na haba hujaza kibaba. Na hapa haba na haba inakitoboa kibaba cha dereva ambaye asubuhi hana budi kupeleka hesabu kwa mwenye chombo.

Hasara ya fedha, hata hivyo, ndiyo iliyo ndogo. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi darini bali hutambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango hadi jikoni. Usiku wa nyanda za juu za Tarime una baridi, na wako wanaoingiza jiko la mkaa ndani ili kupata joto. Jiko hilo, koroboi au kijiti cha kiberiti kinatosha kuuwasha mvuke huo, nao moto ukarudi mbio hadi kwenye pikipiki yenyewe. Mahali pazuri pa kuilaza ni kibanda cha nje chenye kufuli na matundu ya hewa. Asiyekuwa nacho, walau asiweke moto wala watu wa kulala katika chumba kimoja na chombo hicho.

Sasa tuitazame kabureta yenyewe. Kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa kwa kipimo kinachofaa kabla ya kuingia katika injini. Kabureta yenye bakuli na boya ni uvumbuzi wa zamani: mwaka 1893 wahandisi wawili wa Hungary, Donát Bánki na János Csonka, walipata hataza ya kabureta yao, na hadi leo pikipiki nyingi za biashara, guta za injini, na hata pikipiki za magurudumu manne zitumiwazo mashambani hufuata mpango huo huo. Petroli hushuka kutoka kwenye tenki kwa uzito wake, ikapita kwenye koki na mpira, ikaingia katika bakuli lililo chini ya kabureta. Ndani ya bakuli mna boya, ambalo mafundi wengi huliita floti. Petroli ikipanda, boya nalo hupanda na kuisukuma sindano ndogo iliyo juu yake, na sindano huziba tundu la kuingilia. Petroli ikipungua, boya hushuka na tundu hufunguka. Ni kama tangi la maji la chooni: kipande kinachoelea ndicho bawabu. Bawabu huyu akilala usingizi, petroli hufurika.

Kabla ya kugusa spana, fanya haya. Toa pikipiki nje, mbali na jiko na mtu avutaye sigara. Acha injini ipoe kabisa. Fanya kazi mchana. Ukilazimika kufanya usiku, tumia tochi, kamwe usitumie koroboi. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu, na uwaondoe watoto.

Hatua ya kwanza ni kujua panapovuja. Funga koki, ifute kabureta yote kwa kitambaa mpaka ikauke, kisha fungua koki na utazame kwa makini. Ukiona unyevu mahali mpira unapoungana na kabureta, huenda mpira umepasuka au kibanio kimelegea. Kata ncha iliyochakaa kama urefu unatosha, au nunua mpira mwingine wa petroli, si wa maji. Ukiona unyevu pale bakuli linapokutana na mwili wa kabureta, tazama gasketi yake au skrubu zilizolegea. Ikiwa tone linatoka chini ya bakuli, kaza taratibu skrubu ya kumwagia mafuta. Lakini petroli ikitoka katika kibomba cha ziada kinachoning'inia chini, jua kwamba shauri liko ndani: boya, sindano au kiti chake.

Tahadhari hapa: pikipiki iliyoangushwa ubavuni humwaga petroli hata kama kabureta ni nzima, kwa sababu boya haliwezi kufanya kazi likiwa limelala. Isimamishe wima kwanza, ngoja kidogo, ndipo uhukumu.

Hatua ya pili ni uchafu, nao ndio mara nyingi chanzo. Petroli inayouzwa kwa chupa na madumu kando ya njia, vumbi la kiangazi, na kutu ya tenki kuukuu huleta chembe zinazokaa kati ya sindano na kiti chake. Gonga ubavu wa bakuli kwa upole kwa mpini wa bisibisi. Pengine chembe itaachia. Kisha funga koki, legeza skrubu ya chini, na uimwage petroli ya bakuli ndani ya chombo cha chuma. Rudia mara mbili au tatu. Kama mvujo umekoma, shukuru, lakini weka chujio katika mpira ili ugonjwa usirudi.

Mvujo ukiendelea, fungua bakuli kwa bisibisi inayoingia sawasawa, kwani skrubu hizo huharibika upesi. Chomoa kwa utaratibu kijiti kinachoshika boya, nalo litatoka pamoja na sindano. Litikise boya karibu na sikio: ukisikia petroli ndani, limetoboka, na dawa yake ni jipya. Itazame ncha ya sindano: ikiwa ina alama ya duara iliyochimbika, imekwisha. Kiti cha sindano kisafishwe kwa kitambaa laini. Usikikwangue kwa msumari wala waya, maana mkwaruzo mmoja utakuwa mlango wa kudumu wa petroli. Usipinde ulimi wa boya kwa kubahatisha. Kipimo chake kimo katika kitabu cha chombo, na fundi mwenye uzoefu anakijua. Uendapo dukani, chukua sindano ya zamani uilinganishe na mpya, kwa sababu zinazofanana kwa macho huweza kupishana kwa urefu.

Hatua ya mwisho husahauliwa na wengi. Petroli iliyofurika usiku kucha huweza kupenya hadi katika oili ya injini. Kabla ya kuwasha, pima oili. Ikiwa imeongezeka, ni nyepesi kama maji au inanuka petroli, imwage na uweke mpya. Oili iliyochanganyika na petroli hailindi chuma, na injini iliyokwaruzwa hugharimu mara nyingi zaidi ya sindano.

Na hata kabureta ikiwa nzima, funga koki kila jioni. Ili kujua kama koki yenyewe inaziba, ifunge, uchomoe mpira, ukinge kikopo cha chuma chini yake kwa dakika chache. Ikidondosha, ibadilishe: hiyo ndiyo ngao ya pili ya nyumba yako.

Mama wa nyumbani nawe una lako. Petroli isiwekwe katika chupa ya maji au ya soda, kwani mtoto haijui tofauti. Akiinywa, usimtapishe, maana ikirudi huweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali pamoja na chupa hiyo. Nguo zilizolowa petroli zianikwe nje, zisikaribishwe na jiko wala pasi. Moto wa petroli ukizuka, usimwagie maji, kwani petroli huelea juu yake na kusambaa. Watoe watu kwanza, piga simu 114 kuwaita Zimamoto, na kama moto bado ni mdogo, ufunike kwa mchanga.

Ndugu msomaji, kuanzia Sirari mpakani hadi ng'ambo ya Mto Mara kule Mugumu, pikipiki inawalisha wengi. Anayelishwa nayo aikague leo jioni kabla ya kuiingiza ndani: apapase chini ya bakuli kwa kidole, na kidole kikilowa, chombo kilale nje na fundi aitwe asubuhi.

Jumapili ijayo tutazungumzia plagi, na rangi zake zinazotueleza hali ya injini.