Pua ya Bibi Harusi Haina Kosa, Lenzi Ndiyo Tatizo

Wadau, kuna mpiga picha mmoja hapa mjini, jina kapuni, anajiita mkali wa potreti. Juzi kamposti bibi harusi, pua imejaa uso mzima, masikio hata huyaoni. Watu kwenye komenti wakamvaa dada wa watu, eti ni mbaya. Jamani! Kosa lake nini?

Kosa ni la jamaa. Kabeba lenzi ya milimita 24, kaisogeza mpaka puani. Ukimkaribia mtu hivyo, cha mbele kinavimba, cha nyuma kinasinyaa. Uso unataka ukae mbali kidogo, mita mbili hivi, halafu lenzi ya 85 ikuvutie.

Na msiniletee habari za "hela hakuna". Lenzi ya 50 yenye f/1.8 ni bei poa, na kwenye kamera yenye sensa ndogo inakupa picha kama ya 75 au 80. Hela ya droni ipo, ya lenzi haipo?

Ile albamu mtu atawaonyesha wajukuu. Ukishapokea advansi ya watu, jifunze kazi kwanza. Au nadanganya, wadau?