Mwenye Pikipiki Kubwa Akae Nyuma Ale Vumbi

Jumamosi asubuhi ukifungua Instagram lazima ukutane nao. Pikipiki sita zimepangwa sheli, helmeti ziko juu ya matenki, mmoja kavaa glavu kama anaenda mwezini, na chini yameandikwa maneno machache: "Barabara inaita, wanangu." Halafu kimya. Jioni zinamwagika video: vumbi jekundu, miembe, na mshkaji wa mbele anapunga mkono bila kugeuka.

Hakuna ubaya wowote hapo. Kijana wa Dar ambaye wiki nzima anakula foleni ya Ubungo na Mwenge ana haki ya kupumua. Tripu ya pikipiki ya siku moja na washkaji ni bata safi, ina bei nafuu kuliko kukesha kwenye kiwanja, na kesho yake kichwa hakiumi. Ila kuna kitu video hazionyeshi, na ndicho kinachoamua kama ile ilikuwa safari ya marafiki au ni watu tu waliokimbizana: nani alikuwa wa mwisho, na nani alijua yuko wapi?

Kwanza njia yenyewe, maana siku hizi inapendwa na kwa haki kabisa. Unatoka mjini kwa Barabara ya Bagamoyo mpaka Mapinga, unakata kushoto kuelekea Vikawe, unaingia Pangani ya Kibaha. Siyo ile ya Tanga yenye mto na bahari, kwa hiyo usije ukawadanganya watu kwamba mmeogelea. Hii ya Kibaha ina mikorosho, minazi, mashamba ya mihogo na mchanga wa kutosha. Unatokeza TAMCO kwenye Barabara ya Morogoro, pale ambapo zamani yalikuwa yanaunganishwa malori ya Scania. Unarudi kidogo uelekeo wa Dar hadi Kiluvya, unakata kulia kwenda Mpuyani, na hapo tayari uko Kisarawe. Ukimaliza unaibukia Kisarawe mjini, unapita pembeni ya msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, unashuka vilima vya Pugu mpaka Gongo la Mboto. Umeuzunguka mji kwa nyuma.

Vipande viwili vya ndani, Mapinga hadi TAMCO na Kiluvya hadi Mpuyani, kila kimoja ni kilomita 20 na kitu. Kwenye ramani ni kama mchezo. Lakini ndani ya hizo kilomita chache unakuta mchanga laini, makorongo ya mvua iliyopita, changarawe, na ghafla lami kidogo inayokufanya ujione bingwa, kisha inakatika bila hodi. Ndiyo utamu wake, na ndiyo hatari yake.

Sasa chukua kundi la kawaida. Kuna mtangazaji wa redio, jina lake liishie hapa hapa, ana mnyama wa cc 1,200. Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva mwenye cc 650. Kuna dada mwenye duka la nguo, yuko na cc 250, na kusema ukweli ndiye anayeendesha vizuri kuliko wote, ila hapigi kelele. Kuna wafanyakazi wawili wa benki, kila mmoja na chuma chake cha mkopo. Kuna mpiga picha aliyepakiwa. Na kuna mwana mmoja wa Boxer 150, ile ile ambayo Jumatatu hadi Ijumaa inapeleka mizigo ya wateja wa mtandaoni. Amealikwa kwa sababu ni mshkaji wa kitambo, tangu mtangazaji hajajulikana hata na jirani yake.

Nani anakaa mbele? Mtangazaji. Nani anakaa nyuma? Mwana wa Boxer. Hakuna aliyepanga, imejipanga yenyewe kwa cc na kwa majina. Na hapo ndipo kosa linapoanzia.

Watu wengi wanaamini anayekimbia sana kwenye kundi ni yule wa mbele. Siyo kweli. Wa mbele anapunguza kwenye kona, anaongeza ikiisha. Wa pili anapunguza kidogo zaidi, anaongeza kidogo zaidi ili amkute. Wa tatu hivyo hivyo. Ikifika kwa mtu wa mwisho, kila alipopunguza mwenzake yeye ameachwa parefu, na inabidi afukuzie. Kwa hiyo mtu wa mwisho ndiye anayepanda kwa kasi kubwa kuliko wote, kwenye vumbi zito kuliko la wote, na kwa pikipiki ndogo kuliko zote. Anachokiangalia tena siyo barabara, ni mgongo wa mtu unaopotea.

Ukitaka hesabu, hii hapa. Kwenye 40 kwa saa, pikipiki inameza mita 11 kila sekunde. Kwenye 80 inameza 22. Na ukiongeza kasi mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Hiyo ni kwenye lami kavu. Kwenye mchanga wa Pangani, ukiishika breki ya mbele kwa hofu, tairi inajichimbia, usukani unakunjwa, na safari yako imeishia hapo. Mbuzi wa mtu akikatiza au mtoto akichomoka chini ya mwembe, hesabu ya sekunde moja ndiyo inayoamua habari ya kesho.

Tuseme mwana wa Boxer ameanguka. Siyo ajali kubwa, goti limechubuka na kiwiko kimevimba. Nani anamfikia kwanza? Siyo washkaji. Ni bodaboda wa kijiwe cha karibu na mama aliyekuwa anachuma mboga. Wao ndio wanaoinua pikipiki, wanamwagia maji, wanamuuliza kama anajua leo ni siku gani. Washkaji wako mbele, wanapiga selfi, na ujumbe kwenye grupu la WhatsApp una tiki moja. Watajua hayupo watakapoanza kuhesabu soda. Na kama ilikuwa ni mguu umevunjika, dakika hizo ni ndefu sana kwa mtu aliyelala kwenye mchanga akisubiri usafiri wa kumfikisha hospitali ya Tumbi.

Wapo watakaosema: kila mtu ajipime, asiyeweza mwendo asije. Hoja hiyo isidharauliwe. Ina ukweli nusu, na nusu hiyo ni muhimu. Mpanda pikipiki yeyote mzoefu atakwambia panda mwendo wako, usipande mwendo wa mwenzako. Lakini sikiliza vizuri: mtu anaweza kupanda mwendo wake pale tu anapojua kwamba hataachwa. Akishahisi kwamba kwenye njia panda ya Vikawe hatamkuta mtu wa kumuonyesha njia, atafukuzia hata kama mama yake alimkanya. Kumwambia "panda mwendo wako" halafu usimsubiri ni kumwambia mtu ajitegemee ilhali umemficha ramani.

Dawa ipo, haina gharama, na makundi ya pikipiki duniani yameitumia miaka mingi. Mnachagua wawili: kiongozi wa mbele na mfungaji wa nyuma. Hao hawabadilishani nafasi mpaka mwisho. Mkifika kila njia panda, yule wa pili anasimama pale pale, anaelekeza wote wanaokuja, na haondoki mpaka amuone mfungaji. Kisha anaingia mbele ya mfungaji, na aliyekuwa wa tatu sasa ni wa pili. Hivyo hivyo hadi nyumbani. Kundi linaweza kuachana hata kilomita tatu na bado hakuna anayepotea, hakuna anayefukuzia, na vumbi linapata muda wa kutua kabla mwingine hajapita. Kila mtu anapanda mwendo wake kweli kweli.

Sasa swali tamu: mfungaji awe nani? Hapa ndipo watu watakaponuna. Awe mwenye pikipiki kubwa. Awe huyo huyo mtangazaji.

Sababu ziko wazi. Mnyama wa cc 1,200 una nguvu za kumkuta yeyote akitaka, kwa hiyo hapotezi kitu akikaa nyuma. Una masanduku ya pembeni, basi yabebe vitu vya maana: spana, pampu, tubu ya akiba, bandeji, maji, na simu yenye chaji. Tena mwenye nao mara nyingi ndiye mwenye miaka mingi barabarani, au angalau ndivyo anavyojieleza kwenye mahojiano. Boxer ikipata pancha Mpuyani, hutaki mtu wa kuisaidia awe kilomita saba mbele anarekodi video. Mwacheni mwana wa Boxer akae karibu na mbele, wa pili au wa tatu, kundi zima lisome mwendo wake.

Tatizo ni kwamba nyuma hakuna kiki. Nyuma unakula vumbi, unaonekana kwenye video za wenzako kama kivuli, na hakuna anayeandika "baba lao" chini ya picha ya mtu anayeziba pancha ya mwenzake. Lakini heshima ya ukubwa si ndiyo hiyo? Uswahilini mkubwa wa safari ndiye anayefunga mlango. Anahakikisha wote wamepanda gari, ndipo anapanda yeye. Kwa nini pikipiki ibadilishe adabu hiyo?

Na kabla ya yote hayo, helmeti. Siyo ya mbele tu, hata ya mpiga picha anayepakiwa. Tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja mwaka 2008 zilionyesha helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Dunia inapoteza watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka barabarani kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, na wenye pikipiki na bajaji ni mmoja kati ya kila watano. Na mdau, bima ndogo uliyokata inamlinda mtu wa nje utakayemgonga. Goti lako halimo.

Kuna lingine ambalo watu wa mjini husahau. Njia hizo za nyuma wanaziita "siri", lakini siyo siri ya mtu. Vijana wa Kisarawe wanapita hapo hapo kila siku na pikipiki za cc 125 zilizobeba magunia ya mkaa au mihogo, wengine wamepakia mama mjamzito anayewahi zahanati. Hao hawana video wala glavu, na mchanga wanaujua kuliko kundi zima. Ukipita shule au msikiti, punguza mafuta. Ukifika kijiweni, zima, salimia, ulizia hali ya njia mbele. Kula kwa mama ntilie wa pale, usibebe baga kutoka Masaki. Dakika 10 za stori na bodaboda wa Pangani zitakufunza kuhusu kona za huko kuliko video 100 za YouTube.

Na kama bado mtu anaona kusubiriana ni unyonge, akumbuke safari ya pikipiki iliyo maarufu labda kuliko zote. Mwaka 1952 vijana wawili wa Argentina, Ernesto Guevara na rafiki yake Alberto Granado, walikuwa wakizunguka Amerika ya Kusini kwa pikipiki moja, Norton ya cc 500 iliyochoka. Waliipa jina lenye maana ya "Yenye Nguvu", na ikawafia Chile. Wakaendelea kwa miguu, kwa lifti na kwa meli, pamoja. Huyo Guevara ndiye Che aliyekuja kupita Dar es Salaam mwaka 1965 akielekea vitani Kongo. Leo hakuna anayeuliza ile Norton ilikuwa inakimbia kilomita ngapi kwa saa. Kinachosimuliwa ni kwamba pikipiki ilikufa na urafiki ukabaki.

Kwa makundi mengi ya mjini, hali ni kinyume chake. Pikipiki zinarudi salama, urafiki ndio unabaki kwenye mchanga. Mwana wa Boxer akiachwa mara mbili, mara ya tatu atasema ana mzigo wa kupeleka. Hatagomba wala kulalamika, ataacha tu kujibu kwenye grupu. Na huyo ndiye aliyekuwa anamjua mtangazaji kabla ya redio.

Kwa hiyo wikiendi hii, kabla hamjatoka sheli, msiulizane nani ana cc ngapi. Ulizaneni nani mfungaji. Kama wote wamekaa kimya na mwenye mnyama anajifanya anafunga zipu ya koti, mmeshapata jibu la mnasafiri na watu wa aina gani.

Haya wadau, semeni ukweli hapo chini: kwenye kundi lenu, nani hubaki nyuma, na nani hugeuka kumwangalia?