Kompyuta Ikigoma, PIN Si Dawa

Unafungua folda ya stetimenti za duka, dirisha linajifunga. Unajaribu tena, kompyuta inalia memori haitoshi. Kwa maoni yetu, hatari kubwa hapa si mashine, ni ile haraka ya kumruhusu mtu usiyemjua aingie akiwa mbali “akusaidie”.

Anza mwenyewe. Nakili stetimenti kwenye flash. Funga programu usizotumia, kisha uiwashe upya. Kama ni Windows, tafuta Windows Memory Diagnostic ipime RAM. Bado inasumbua? Toa programu uliyoweka majuzi, huenda ndiyo inaangusha File Explorer.

Ikishindikana, toka kwenye akaunti zako zote ndipo umpelekee fundi. Na PIN ya benki au ya pesa za simu? Hakuna fundi anayeihitaji kurekebisha kompyuta. Akiiuliza, beba mashine yako uende.