Kiti cha Gari si Kigoda

Msomaji kijana, iko desturi katika nchi yetu ambayo watu wengi huiona kuwa jambo dogo, nami naiona kuwa jambo kubwa. Gari lililozeeka hupelekwa gereji, viti vyake vilivyochakaa hung'olewa, na mahali pake hutiwa viti vilivyotoka katika gari jipya zaidi. Mwenye gari huondoka na furaha. Viti ni laini, ngozi yake yang'aa, na jirani zake humpongeza. Lakini ukimwuliza viti hivyo vimeshikwa na nini hapo sakafuni, aghalabu hajui. Hajui kwa sababu hakuuliza. Na hakuuliza kwa sababu katika fikira zake kiti cha gari ni ndugu wa kigoda cha jikoni, kitu cha kukalia na basi. Fikira hiyo ndiyo ninayokusudia kuipinga, maana inahatarisha maisha ya watu.

Sisemi kwamba kubadili viti ni kosa. Mzee akizeeka hupewa mkongojo, na gari likizeeka lastahili kutunzwa. Kiti ambacho chemchemi zake zimelegea humchosha dereva, na dereva aliyechoka ni hatari kwa kila apitaye njiani. Tena magari mengi yaliyoundwa kabla ya miaka ya 1970 yalitoka kiwandani bila egemeo la kichwa. Gari la namna hiyo likigongwa kwa nyuma, kichwa hurushwa nyuma na shingo huumia. Mtu atakaye kiti chenye egemeo la kichwa ataka jambo la hekima, wala sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni juu ya namna kiti hicho kinavyofungwa.

Kwanza tufahamu kazi ya kiti. Kiti humweka dereva mahali ambapo mikono yake yaufikia usukani, miguu yake yaifikia breki, na macho yake yaiona barabara. Hiyo ni kazi ya kila siku. Kazi yake ya pili huonekana siku ya ajali tu: ni kumzuia mtu asirushwe, kikishirikiana na mkanda. Mkanda wa kupita begani na kiunoni, uliobuniwa na Nils Bohlin na kutiwa katika magari ya Volvo mwaka 1959, umeokoa watu wasiohesabika. Lakini mkanda hutumainia kwamba kiti kitabaki mahali pake. Kiti kikiteleza au kiking'oka, mkanda hubaki kama kamba iliyofungwa kwenye mti uliooza.

Chukua kalamu yako tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Likigonga ukuta na kusimama katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, mwendo wake umepunguzwa kwa kadiri ya mita 140 kwa sekunde kwa sekunde. Kadiri hiyo ni mara 14 ya mvuto wa ardhi. Basi mtu mwenye uzito wa kilo 70 husukuma mbele kana kwamba ana uzito wa kilo 980, na kiti chenye uzito wa kilo 20 husukuma kana kwamba ni kilo 280. Kanuni za mwendo alizozitangaza Newton mwaka 1687 hazijali kama gari ni la tajiri au la maskini, wala haziulizi kiti kilinunuliwa kwa bei gani.

Watengenezaji wa magari wanazijua hesabu hizo. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu nguvu ya viti vya magari, yataka kiti na vifungo vyake vijaribiwe kwa msukumo usiopungua mara 20 ya mvuto wa ardhi, wala visiachie. Lakini angalia neno moja. Kiti hujaribiwa kikiwa juu ya sakafu ya gari lake, kwa bolti zake na reli zake. Ukikihamisha kwenda katika gari jingine, ule ushahidi wa kiwandani haukihami nacho. Kuanzia siku hiyo mdhamini wa kiti hicho ni fundi aliyekifunga, naye hana budi kujua kwamba amebeba dhamana.

Tazama sasa yale yatendekayo katika gereji nyingi. Miguu ya kiti kipya hailingani na matundu ya gari kuukuu. Badala ya kupima na kuunda kishikizo cha kufaa, fundi huikata miguu na kuichomelea vipande vya chuma asivyovijua nguvu zake. Joto la kuchomelea laweza kukidhoofisha chuma kigumu kando ya kiungo, na kiungo chenyewe, kikipakwa rangi nyeusi, huonekana kizuri kabisa. Kisha hutobolewa matundu mapya katika bati la sakafu. Bati hilo aghalabu halifiki unene wa milimita moja. Watengenezaji huliimarisha mahali pale tu bolti za kiti zipitapo, kwa hiyo tundu jipya huangukia penye udhaifu. Bolti iliyoshikwa na washa ndogo katika bati kama hilo, siku ya kishindo hupenya kama sindano katika kitambaa. Na ikiwa gari limeishi Mombasa au Malindi, ambako hewa ya chumvi hula chuma, huenda bati hilo limebaki jina tu chini ya zulia.

Bolti nazo hazifanani. Ukitazama kichwa cha bolti njema utaona namba, kama vile 8.8. Bolti ya namna hiyo hustahimili mvuto mara mbili ya ile yenye namba 4.6 kabla ya kukatika. Kwa macho zote mbili ni bolti. Kwa kazi, moja ni askari na nyingine ni mvulana aliyevaa sare ya askari. Mwenye gari aliyelipa fedha nyingi kwa ajili ya ngozi, huona uchungu kuongeza shilingi chache kwa ajili ya bolti. Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, na laiti wangaliyaona magari yetu wangalisema kwamba kiti chema si ngozi.

Iko hatari nyingine iliyofichika zaidi. Katika magari mengi ya zamani, kile kifungio cha mkanda kilicho karibu na nyonga kilifungwa kwenye sakafu. Katika magari mengi mapya kifungio hicho kimeshikamana na kiti chenyewe. Maana yake ni kwamba siku ya ajali uzito wa kiti hauko peke yake. Sehemu kubwa ya nguvu ya mwili wa mtu hupitia katika kiti na kuvuta bolti zake. Fundi asiyelijua jambo hilo huziongezea bolti dhaifu mzigo zisioumbiwa. Tena viti vya magari mapya aghalabu hubeba mfuko wa hewa ubavuni, ambao hulipuka na kufura kwa kasi kuu gari linapogongwa kwa upande. Katika gari kuukuu hakuna chombo cha kuuamrisha, basi mfuko hautamwokoa mtu. Lakini baruti yake ingalimo, na mtu achokoaye nyaya zake kwa kubahatisha aweza kuulipua usoni pake. Mapambo yamekuwa mtego.

Najua majibu nitakayopewa. Wa kwanza atasema, "Tumefunga viti hivi miaka mingi, na hakuna kilichong'oka." Huyo ni kama mtu ausifuye mwavuli wake kwa kuwa haujavuja tangu kiangazi kianze. Kiti hakijaribiwi kwa kukaliwa wala kwa kupita juu ya mashimo ya barabara. Hujaribiwa siku moja, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na siku hiyo hapana nafasi ya kurudi gereji.

Wa pili atasema, "Gari ni langu, na roho ni yangu." Hata kama tungekubali neno hilo kwa gari la mtu binafsi, lingekuwa la uongo katika matatu. Magari mengi ya abiria katika nchi yetu yaliingia yakiwa ya mizigo, yakatiwa viti hapa hapa. Abiria hakumchagua fundi, hakuiona bolti, wala hakuulizwa. Alilipa nauli akaamini. Mwaka 2003 Serikali ilitoa kanuni zilizojulikana kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule, marehemu John Michuki, zikiyataka magari ya abiria yawe na mikanda na vidhibiti mwendo. Zilikuwa kanuni njema. Lakini mkanda uliofungwa kwenye kiti ambacho hakikushikwa barabara huitii sheria kwa macho tu.

Wa tatu atasema kwamba namdharau fundi wa jua kali. La hasha! Namheshimu kuliko wale wamwonao kuwa mtu wa nyundo na bahati. Fundi anayepima mara tatu kabla ya kutoboa ni mwanachuoni wa kazi yake. Amdharauye fundi ni yule asemaye, "Harakisha, funga tu, nataka kwenda," kisha akamlaumu baada ya msiba.

Nini basi kifanywe? Kiti kikaguliwe kabla ya kununuliwa, maana vingi hutoka katika magari yaliyopata ajali, na kiti kilichokwisha kupinda hakifai hata kikivikwa hariri. Vitafutwe viti vya gari la jamii moja na hilo kuukuu, ambavyo huenda miguu yake ikalingana na matundu ya asili. Matundu yasipolingana, kiundwe kishikizo cha chuma kinene kitumiacho matundu yale yale ya kiwandani. Pasipo budi kutoboa upya, bamba pana la chuma liwekwe chini ya sakafu, kutu ikiwa imekwisha kuondolewa na bati bovu kubadilishwa. Bolti ziwe za nguvu ijulikanayo. Kifungio cha mkanda kirudishwe mahali pake pa asili inapowezekana. Mfuko wa hewa uondolewe na ajuaye kazi hiyo, betri ikiwa imefunguliwa na muda wa kutosha umepita. Mwisho, dereva aketi na kupimwa: je, kichwa chake hakigusi paa? Je, magoti yake hayazuiwi na usukani? Je, aweza kukanyaga breki hadi mwisho? Kama jibu la mojawapo ni baya, kiti hicho hakilifai gari hilo, hata kingekuwa kizuri namna gani.

Msomaji wangu, kesho baadhi yenu mtakuwa mafundi, baadhi mtakuwa na magari, na nyote ni abiria tangu leo. Msikubali kutawaliwa na yale yang'aayo. Ukiwa fundi, kataa kazi ambayo huwezi kuidhamini. Ukiwa na gari, lipia bolti kabla ya kulipia ngozi. Na ukiwa abiria, kishike kiti kilicho mbele yako ukitikise. Kikicheza, sema kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika, kisha ushuke. Nauli uliyoipoteza utaipata tena.