Daftari la Wiki: Kitufe Kilichohama Kona

Oktoba 14, 2025 iliangukia Jumanne. Huku Mara tarehe hiyo haihitaji kalenda: ndiyo siku aliyofariki Mwalimu Nyerere, mwaka 1999, na ofisi hufungwa nchi nzima. Kwa watu wa kompyuta, Jumanne hiyohiyo ndiyo Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Ni sadfa tu, wala sijengi hoja juu yake. Ila tangu hapo steshenari za Musoma zimepata mada isiyomalizwa na kikombe kimoja cha chai: tuhamie Windows 11 au tubaki tulipo? Ukisikiliza vizuri utaona wachache mno wanabishania virusi au kasi ya mashine. Wanabishania mahali kitufe kilipo.

* * *

Steshenari moja ya Mtaa wa Mukendo inaendeshwa na mama mmoja, mhazili mstaafu. Alisomea Tabora enzi za taipureta, na mpaka leo anachapa macho yakiwa kwenye karatasi ya mteja, si kwenye kioo: mkataba wa kiwanja, barua ya kuomba kazi, ratiba ya mazishi. Juma hili kijana fundi alikuwa amempigia Windows mpya, na mama amesimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Mwanangu, Start yangu umeipeleka wapi?"

"Ipo pale katikati, mama. Ndiyo muundo mpya."

"Nani aliomba?"

Kijana akacheka. Mimi niliyekuwa nasubiri kopi zangu sikucheka, maana swali lilikuwa zito kuliko lilivyosikika.

Tangu Windows 95 ilipotoka, Agosti 1995, kitufe cha Start kilikuwa kikikaa kona ya chini kushoto. Kona si mahali pa hivihivi kwenye kioo cha kompyuta. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda wa mkono kuifikia shabaha hutegemea umbali wa shabaha hiyo na ukubwa wake. Waliokuja kuunda skrini wakang'amua la ziada: mshale wa mausi ukisukumwa konani hauna pa kupitiliza, unagota. Kwa hiyo kitu kidogo kilichowekwa konani hulengwa kirahisi kana kwamba ni kikubwa mno. Mama wa Mukendo hana habari na Fitts, lakini mkono wake ulishajua siku nyingi: sukuma chini kushoto, bofya, usiangalie.

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ikakileta kitufe katikati. Pale hakuna ukuta wa kugotea; lazima jicho litafute na mkono ufunge breki. Kuna na kero nyingine ambayo mtu huigundua baadaye. Kwa kuwa ikoni za mstari wa chini hupangwa kuanzia katikati, kila unapofungua programu nyingine Start inajivuta kushoto kidogo. Asubuhi iko hapa. Ukishafungua Word, Excel na WhatsApp, iko pale. Mvuvi wa dagaa wa Mwigobero, usiku wa giza, anajua kwa kupapasa kasia lake liko wapi na kopo la kuchotea maji liko wapi. Mpangie mtumbwi upya mchana, uupange vizuri kabisa, kisha umwache aende nao ziwani usiku, uone asubuhi utaitwa jina gani.

Cha ajabu, kibodi haijaguswa. Herufi zake zimekaa karibu vilevile tangu taipureta za Marekani za miaka ya 1870, na ndiyo maana mhazili wa Tabora alihamia kwenye kompyuta bila kuanza kujifunza kuchapa upya. Mwaka 1936 profesa mmoja wa Marekani, August Dvorak, alipata hataza ya mpangilio mwingine aliodai ni mwepesi zaidi kwa vidole. Dunia ikamshukuru, ikaendelea kuchapa kama zamani. Kwa nini vidole viheshimiwe hivyo na mkono wa mausi usiheshimiwe? Kwa maoni yangu ni kwa sababu kibodi ni plastiki, imeshauzwa, iko mezani kwako na hakuna wa kukuhamishia herufi usiku. Start iko ndani ya programu, na ufunguo wa programu wanao wao.

* * *

Bunda, chai ya saa nne, walimu wawili. Mdogo anafundisha hesabu. Mkubwa anakaribia kustaafu na ndiye anayechapa mitihani ya shule nzima.

Mdogo anasema ugomvi wote huu ni wa bure. "Mimi hata sijui Start iko upande gani, mwalimu. Nabonyeza kile kitufe cha kibodi chenye alama ya Windows, naandika herufi tatu za jina la programu, nagonga Enter. Wakiiweka darini shauri yao."

Mkubwa akakoroga chai. "Na usipojua jina lake?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba hawabishani juu ya uzee na ujana, ingawa wenyewe walidhani hivyo. Kuna mtu anayekumbuka njia: chini kushoto, panda juu, cha tatu, bofya. Na kuna mtu anayekumbuka jina. Miaka hii waundaji wamempendelea wa jina, kwa sababu simu na intaneti vimetuzoesha kutafuta kwa kuandika. Lakini majina yenyewe ni ya Kiingereza. Mtoto wa kidato cha kwanza anayekaa mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza hawezi kuandika jina asilolijua. Anaweza kuonyeshwa njia kwa kidole, akaifuata kesho yake peke yake. Nilimpa ushindi mwalimu mkubwa, kimoyomoyo, maana mdogo ndiye aliyekuwa analipa chai.

Msije mkasema Kiswahili hakikujaribiwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Microsoft nao wana kifurushi cha Kiswahili cha Windows. Kwenye orodha ya lugha kimeandikwa Kiswahili cha Kenya, jambo linalowafanya watu wa huku wagune kidogo. Katika miji yetu mitatu, Musoma, Bunda na Butiama, sijaona mashine hata moja iliyowekwa lugha hiyo. Fundi anakwepa: akikwama anatafuta maelekezo YouTube, na maelekezo yanataja menyu kwa Kiingereza.

* * *

Anayedhani malalamiko ya kitufe ni ya watu wa vijijini atazame historia. Oktoba 2012 Microsoft walitoa Windows 8 na kukifuta kabisa kitufe cha Start. Ukiwasha mashine ulikutana na vigae vya rangi vilivyoundwa kwa ajili ya kuguswa kwa kidole, hata kama kompyuta yako ni ya mezani na kioo chake hakiguswi. Zikapigwa kelele dunia nzima. Wiki chache baadaye bosi wa Windows, Steven Sinofsky, akaondoka kwenye kampuni. Oktoba 2013, na toleo la 8.1, kitufe kikarudi.

Windows 11 nayo imekuwa ikirudi nyuma kidogokidogo. Ilipotoka ilifuta uwezo wa kuziona programu zilizofunguliwa kila moja na jina lake kwenye mstari wa chini. Mwaka 2023 ukarudishwa. Kwenye menyu ya kubofya kulia, maneno ya kukata na kunakili yaligeuzwa vipicha vidogo visivyo na maandishi. Toleo la 2024 likaviandikia majina tena.

Kwa hiyo kelele zinasikika. Swali ni za nani. Ndani ya Windows yenyewe imo programu ya kupeleka maoni, Feedback Hub, na tangu 2014 kuna mpango wa watu wanaoyajaribu matoleo kabla hayajatoka. Ili uwemo unahitaji akaunti, bando la kutosha, Kiingereza cha kueleza kero yako, na mashine ambayo hujali ikivurugika. Mama wa Mukendo ana mashine moja, ndiyo inayomlipia kodi ya chumba. Malalamiko yake yanafika kwa fundi na kuishia hapo. Fundi naye si kwamba hajali. Kwenye fleshi yake ana kiprogramu cha bure, Open-Shell, kinachorudisha menyu ya Start ya zamani, na anakiweka kwa kila mtu mzima anayemwendea. Huo ndio uwakilishi wetu: mafaili machache kwenye fleshi ya kijana wa Nyasho.

* * *

Butiama. Ukipita Mwitongo na makumbusho ya Mwalimu, ni vigumu usikumbuke kwamba Serikali yake iliwahi kuumaliza mjadala wa kompyuta kwa amri. Kompyuta ya kwanza ya nchi, ICT 1500 ya kampuni ya Kiingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine ikaja kukwama vibaya, fedha za kigeni zikiwa zimeshakwenda, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Hakukuwa na Start wala katikati. Leo Butiama hiyohiyo ina chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu.

Siitetei marufuku ile, ilitugharimu miaka. Lakini waliouliza wakati ule mashine hii inamtumikia nani, na ikikosea nani analipa, hawakuwa wajinga. Siku hizi mara nyingi tunapewa toleo jipya na dirisha lenye vitufe viwili, "sasa hivi" au "baadaye". Cha "hapana" hakipo.

* * *

Kuna watu waliosema hapana wakafaulu. Mwaka 2011 waundaji wa GNOME, sura inayotumika kwenye kompyuta nyingi za Linux, walitoa toleo la tatu lililoubadilisha mpangilio wote wa zamani. Hata Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, aliihama kwa hasira akaenda kutumia Xfce. Mtumiaji mmoja wa Argentina akafanya zaidi ya kununa: akachukua msimbo wa toleo la pili, ambao leseni yake inaruhusu, akauendeleza chini ya jina jipya, MATE, kwa heshima ya chai ya majani wanayoinywa kwao. Mpaka leo ipo, na inafaa sana kwa mashine kuukuu. Nimejaribu kuwashawishi mafundi wawili watatu wa Musoma waiweke kwa wateja. Jibu ni moja: mteja atauliza Word iko wapi.

* * *

Mama lishe mkubwa wa Bunda, anayepika kwenye semina, kanikumbusha kwamba si Microsoft peke yao wanaotubadilishia mambo. Alishaizoea TANePS, mfumo wa zabuni za Serikali, mwaka 2023 ikaletwa NeST na akaanza darasa la kwanza. Anaisifu, kwa kweli. Na anasema kuna tofauti moja: NeST imejengwa na mamlaka za Serikali, PPRA na e-GA, wako Dodoma, unapiga simu unauliza kwa Kiswahili.

* * *

Kuhusu mashine zenyewe, neno fupi. Nyingi ya kompyuta za steshenari zetu ni mtumba wa ofisi za Ulaya na Dubai. Windows 11 inadai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ambayo kwa upande wa Intel kwa kawaida ni ya kuanzia kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa 2017. Mafundi wana njia za kuliruka sharti hilo. Asiyetaka kurukaruka anaweza kujiandikisha kwa masasisho ya ziada ya Windows 10, na mwisho wa hayo kwa watu wa kawaida ni Oktoba 13, 2026.

* * *

Wasomaji wawili wameniuliza namna ya kuirudisha Start kushoto bila kumlipa fundi. Bofya kulia kwenye nafasi tupu ya ule mstari wa chini, chagua Taskbar settings, shuka mpaka Taskbar behaviors, na pale palipoandikwa Taskbar alignment badilisha Center iwe Left. Inarudi konani papo hapo, bila kuzima mashine. Nilimwonyesha yule fundi wa Mukendo, akaniambia alikuwa anaijua tangu mwanzo. Alidhani mama atapenda mpya. Mama kamkata elfu mbili kwenye malipo yake.