Mashine Ipo, Tumbo Lipo, Nani Ataangalia?

Likizo iliyopita mama mdogo aliniita jikoni, akashika tumbo, akaniuliza: "Wewe si unasomea udaktari? Hebu niambie kuna nini humu ndani." Nilikosa jibu.

Alikuwa na ngiri kwenye kovu la upasuaji wa uzazi. Akafanyiwa upasuaji, akawekewa wavu. Ngiri ikaisha kweli, ila baada ya miezi michache tumbo likaanza kumsokota, hasa akishiba. Kazunguka hospitali tatu. Ya mwisho wakamwambia picha ziko safi, apunguze mawazo.

Jamani, hiyo "picha ziko safi" ndiyo iliyonifanya niandike.

Tumbo likipasuliwa, wakati wa kupona linaweza kutengeneza nyuzi za kovu zinazogandisha utumbo kwenye ukuta wa tumbo. Wavu ukikaa upande wa ndani na kugusana na utumbo, hatari hiyo ipo pia. Nyuzi zenyewe ni nyembamba, na mara nyingi hata kipimo cha CT hakizioni.

Ultrasaundi ina ujanja wake, na si wa jana: umeandikwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hutafuti nyuzi, unatafuta mwendo. Mgonjwa analala chali, unaweka kifaa juu ya tumbo, unamwambia avute pumzi ndefu kisha aitoe. Utumbo ulio huru unateleza chini ya ukuta wa tumbo. Usiposogea hata sentimita 1, anza kushuku kwamba umegandana hapo. Hakuna mionzi, hakuna sindano, na mashine ni ileile ya kupimia wajawazito.

Mwenzangu wa chumbani kanipinga: "Sawa, umeona umegandana. Halafu? Ukikata si zitarudi?" Ana hoja. Zikikatwa zinaweza kuota tena, na wapo watu wengi wenye nyuzi hizo wasiohisi chochote. Pia kipimo hiki kinahitaji mkono uliozoea, na utumbo uliogandana wenyewe kwa wenyewe huko ndani kinaweza kuupita. Na mgonjwa anayetapika, tumbo limevimba, hapati choo wala hajambi, huyo ni dharura. Usimpange foleni ya ultrasaundi ya kawaida.

Lakini faida mbili zinabaki. Kwanza, mgonjwa akirudi chumba cha upasuaji, daktari anajua mahali salama pa kuingilia bila kutoboa utumbo. Pili, mgonjwa anasikilizwa. Utumbo ukionekana umeganda palepale panapouma, hujathibitisha kwamba ndiyo sababu ya maumivu, ila hakuna tena wa kumwambia ni mawazo tu.

Sisi kwenye mafunzo yetu ya ultrasaundi tulionyeshwa mtoto tumboni, ini na figo, basi. Naomba chama chetu kiombe kipindi kimoja tu cha kujifunza kuangalia utumbo ukiteleza. Tujifunze kwa kupimana wenyewe kwanza, matumbo tunayo, hata kama mwisho wa mwezi yanakuwa matupu.

Mama mdogo bado anasubiri. Nikirudi nyumbani likizo ijayo sitakuwa daktari, lakini angalau nataka nijue nimwelekeze akaombe kipimo gani, na kipimo hicho hakitaweza kumwambia nini.