Bomba la Kurudi Si Mwizi

Naisikia tena hapa Bariadi ile hadithi kwamba bomba linalorudisha petroli tangini ni mwizi wa mafuta, na mwenye akili huliziba. Fundi mmoja aliniziba langu kwa bolti na waya. Moshi ukawa mweusi, na kabla hatujafika Lamadi mpira wa petroli ulipasuka juu ya injini ya moto. Mke wangu alikuwa ameketi ubavuni mwangu.

Nilifundisha walimu miaka mingi, nami nauliza: petroli ile hurudi kufanya nini? Pampu hupeleka zaidi ya inayonywewa na injini. Kidhibiti huacha presha ya pauni 40 na kitu kwenye nozeli. Ziada hurudi tangini, ikiondoka na joto na mapovu ya mvuke. Halipotei hata tone! Ukiziba, presha hupanda, nozeli humwaga kupita kiasi, na huko ndiko kuibiwa.

Kwa hiyo sikumcheka kijana aliyefunga tabochaja kwenye gari lake la bomba moja, akataka kuongeza la kurudi. Nilimcheka kwa mpira wa maji aliokuja nao. Petroli huuvimbisha ule na kuulainisha. Nikamwambia anunue mpira wa petroli, na kidhibiti cha ndani ya tangi akitoe, aweke kingine mbele ya nozeli, njia ya kurudi ianzie hapo. Akikiacha cha zamani, kazi yote ni bure.

"Mwalimu, shikamoo yako naiheshimu, lakini mpira huo ni ghali."

Ghali kuliko nini?